Kukisia Rangi ya Mpiga Kura: Tatizo la Takwimu katika Utafiti wa Siasa za Marekani



Niliombwa nianze na maana ya rangi na asili katika siasa za Marekani. Nitapita haraka, kwani wengi wenu katika semina hii mnayafundisha haya. Rangi ni mgawanyo uliotungwa na jamii na kutiwa nguvu na sheria. Asili hugusa zaidi lugha, utamaduni na nchi walikotoka wazee. Sensa ya huko imehesabu watu kwa rangi tangu 1790, na mafungu yake yamebadilika mara nyingi, la karibuni likiwa la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, lililoidhinishwa mwaka 2024.

Linalonisumbua tangu nianze uzamivu ni jingine. Kura ni siri, na madaftari ya wapiga kura ya majimbo mengi hayaonyeshi rangi. Florida, Georgia na North Carolina huiuliza. Texas na New York haziulizi. Hata hivyo, katika shauri la Thornburg dhidi ya Gingles la 1986, Mahakama ya Juu ilimtaka anayepinga mipaka ya uchaguzi athibitishe kwamba walio wachache hupiga kura kwa umoja, na kwamba Weupe walio wengi kwa kawaida humwangusha mgombea wa hao wachache.

Ushahidi huo mara nyingi hujengwa juu ya makisio. Tunalinganisha jina la ukoo na orodha ya Sensa, tunaongeza mtaa anaoishi mtu, kisha tunapiga hesabu ya uwezekano. Kwa García mbinu hii hufanya kazi vizuri. Kwa Williams au Johnson, majina ya Weusi na Weupe pia, uzito huangukia mtaa. Yaani mbinu humtambua Mweusi kwa sababu anaishi walikotengwa Weusi! Akihamia kitongoji chenye Weupe wengi, huelekea kuhesabiwa Mweupe. Na wanaohamia huko mara nyingi ni wenye elimu na kipato, walewale tunaotaka kujua kama bado wanaiona hatima yao kuwa moja na ya Weusi wenzao, hoja aliyoijenga Michael Dawson mwaka 1994. Wasomali wa Minneapolis nao wana jina kama Ali, wanaloshiriki na Wapakistani na Waarabu, hivyo jina peke yake haliwatambulishi.

Sishauri kila jimbo lilazimishwe kuandika rangi. Kusini, madaftari yalishatumika kuwanyima Weusi kura. Napendekeza, kwa heshima, majimbo yanayouliza yasiache, kwani bila hayo hatuwezi kuyapima makisio yetu. Kila tasnifu itaje kiwango cha makosa kwa kila kundi. Wastani wa jumla usikubaliwe peke yake. Madodoso yafikie Weusi wa kutosha katika vitongoji vya mchanganyiko, na wahojiwa wajitaje wenyewe rangi na asili. Wahamiaji Weusi wapewe nafasi ya kutaja nchi walikotoka. Narudia kuhusu makosa: yatajwe kwa kila kundi na kwa kila aina ya mtaa, na kamati za uzamivu zisipitishe sura ya takwimu isiyo na jedwali hilo.