Tulipofunga Shule na Kunyamazisha Hesabu



Tarehe 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, kulitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amethibitishwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliamuru shule zote za Tanzania, tangu za awali hata kidato cha sita, zifungwe kwa siku 30. Kesho yake vyuo vikafuata. Kisha siku zile 30 zikarefushwa, hata ikawa vyuo na kidato cha sita havikurejea ila tarehe 1 Juni, na watoto waliobakia hawakurudi madarasani ila tarehe 29 ya mwezi huo. Michezo na mikutano ya siasa ilisitishwa pia, walakini masoko hayakufungwa, wala misikiti, wala makanisa, wala watu hawakuamriwa kujifungia majumbani kama walivyoamriwa jirani zetu wa Uganda na Rwanda. Hivyo mzigo mkubwa wa kufungiwa, katika nchi iliyojivunia kutofunga, uliwekwa juu ya mabega ya watoto, ambao maradhi yenyewe, kama yalivyokuja kudhihiri, yaliwadhuru kidogo kuliko watu wa rika lolote. Je, ilikuwa haki? Muda umekwisha kupita wa kutosha kwa hofu kutulia, na swali hili lastahili jawabu la insafu.

Ili kulijibu, naanzia hapa kwetu Hombolo, Dodoma. Watu wa mbali huijua Hombolo kwa bwawa lake lililojengwa mwaka 1957, kwa mizabibu yake, na kwa Chuo cha Serikali za Mitaa. Lakini wazee wa hapa huijua kadhalika kwa kituo cha wenye ukoma kilichokuwa chini ya Kanisa la Anglikana, na kwa hiyo shauri la kumtenga mtu kwa ajili ya maradhi si shauri geni mahali hapa. Katika zama za kale, karibu ulimwenguni kote, mwenye ukoma alitengwa na jamaa zake, na waliomtenga hawakuwa wote madhalimu, kwani walifuata elimu waliyokuwa nayo, na wengine walimtumikia kwa huruma isiyo kifani. Baadaye, tangu miaka ya 1940, ilipatikana dawa; na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa kadhaa zitumiwe kwa pamoja; ikawa wazi kwamba ugonjwa ule hauambukizi kwa wepesi, na kwamba aliyeanza matibabu aweza kula, kulala na kulea wanawe bila ya kumdhuru yeyote. Waliotenga kabla ya kujua tunawasamehe. Popote mgonjwa alipoendelea kutengwa baada ya elimu kupatikana, dhuluma ilianza siku ile elimu ilipobisha mlangoni na isifunguliwe. Nami kwa kipimo hicho naihukumu amri yoyote ya kufunga: siku ilipotolewa ina hukumu yake, na kila siku iliyoendelezwa ina hukumu nyingine.

Tuianze ile ya kwanza. Katikati ya Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuutangaza ugonjwa huu kuwa janga la ulimwengu tangu tarehe 11, na hospitali za Italia, nchi yenye mali na matabibu wengi kupita sisi, zilikuwa zimezidiwa na wagonjwa. Hapakuwa na chanjo wala dawa, na hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini ni rika gani litakaloathirika zaidi katika nchi zetu, ambamo watu wengi ni vijana. Zaidi ya hayo, Ugogo, yaani nchi hii ya Dodoma, ilikuwa na kumbukumbu yake ya kuogopa. Kati ya mwaka 1917 na 1920 nchi hii ilipatwa na njaa ile iitwayo Mtunya, iliyozaliwa na ukame na majeshi ya Vita Kuu yaliyotwaa nafaka, ng'ombe na wapagazi. Na ndani ya njaa hiyo yakaingia mafua makali ya mwaka 1918, ambayo mahali pengi duniani yaliwaua hata vijana wenye nguvu zao kamili. Mtawala aliyefunga shule Machi 2020, akihofu kwamba huenda maradhi haya nayo yatawachagua vijana, hakutenda jambo la kipuuzi. Kwa siku zile 30 za mwanzo simlaumu mtu.

Wala simlaumu aliyekataa kuwafungia watu majumbani. Mvuvi wa bwawani asipotega nyavu usiku, asubuhi hana cha kuuza. Mama mwenye kuuza mboga barabarani hununua unga wa jioni kwa fedha ya mchana. Na kumwamuru mtu wa namna hiyo akae ndani wiki sita, bila ya kumpelekea chakula mlangoni, ni kumhamisha kutoka hatari isiyo hakika kumpeleka kwenye njaa iliyo hakika. Hata pale ambapo amri zilikuwa na nia njema, utekelezaji wake ulikabidhiwa rungu na bunduki: jijini Nairobi, mwishoni mwa Machi 2020, siku chache tu baada ya marufuku ya kutembea usiku kuanza, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao alipigwa risasi ya polisi akafa. Rais John Magufuli alipokataa njia hiyo alikuwa na hoja ya haki, na yeyote anayempinga katika mengine, nami nitampinga punde hivi, sharti akiri hilo kwanza.

Lakini watoto je? Miezi ile ya Machi hata Juni katika nyanda hizi za kati ndiyo miezi ya kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Uwele na mtama vikikaribia kukomaa, ndege hushuka kwa makundi, na mtoto aliyekosa shule hakosi kazi: atasimama shambani tangu alfajiri hata magharibi akipiga kelele, au atachunga mbuzi, na mzazi wake, ambaye si mbaya bali maskini, ataonja faida ya mikono ile na kuona uzito wa kuiachia tena. Wenye vitabu, umeme na wazazi wasomi waliendelea kujisomea. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitoa masomo kwa njia ya redio na televisheni, nami niliye mtu wa redio naiheshimu jitihada hiyo. Walakini redio haimwoni mtoto aliyesinzia, haisahihishi daftari, wala haimuulizi mtu kwa nini jana hakuja. Shule ya kijiji ina kazi nyingi kupita kufundisha. Inamhesabu mtoto kila asubuhi, na mtoto anayehesabiwa kila asubuhi ni vigumu kupotea bila ya mtu kuuliza.

Jambo linalonichoma zaidi ni la wasichana. Katika mwaka ule wa 2020 mwanafunzi aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Mlango huo haukufunguliwa ila tarehe 24 Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba waliokatiza masomo kwa mimba waweza kurejea. Fikirini basi hali ya msichana wa darasa la sita aliyetolewa shuleni kwa amri ya serikali mwezi Machi, akakaa nyumbani pasipo mwalimu wa kumwangalia, akadanganywa na mtu mzima, na mwezi Juni, shule zilipofunguliwa, akaambiwa kwamba yeye hazimhusu. Serikali ilimfungia mlango mara mbili: mara ya kwanza ikasema inamlinda, mara ya pili ikasema inamwadhibu. Hata kama alikuwa mmoja tu katika kata nzima, mmoja huyo anatudai.

Tuseme kwa insafu kwamba jirani zetu walizidi. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020, ikawarejesha baadhi ya madarasa Oktoba, na haikuwarudisha wanafunzi wote hata Januari 2021. Uganda ilifunga Machi 2020 na haikufungua kikamilifu hata tarehe 10 Januari 2022, takriban miezi 22, muda ambao haukupitwa na nchi yoyote duniani, na wanafunzi kama milioni 15 waliguswa nao. Wengine waliuingia muda huo wakiwa wanafunzi wakatoka wakiwa wake na mama, au wachimba dhahabu na waendesha bodaboda. Kwa kipimo nilichokitaja, Machi ya Uganda ina udhuru sawasawa na Machi yetu, lakini mwaka 2021 hauna udhuru, kwani kufikia wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba watoto hawakuwa katika hatari waliyodhaniwa. Sweden haikuzifunga shule za watoto walio chini ya miaka 16. Na Erna Solberg, Waziri Mkuu wa Norway, alijitokeza hadharani mwishoni mwa Mei 2020, akawaambia watu wake kwamba baadhi ya maamuzi yake aliyatoa kwa hofu, na kwamba pengine haikulazimu kuzifunga shule. Kusema hivyo hakukumvunjia heshima.

Hapa ndipo ninapowageukia wale wanaosema kwa fahari, "Sisi hatukufunga, na mbona hatukuangamia?" Ndugu zangu, hoja hiyo yahitaji hesabu, na hesabu ndiyo tuliyoizima wenyewe. Takwimu za Tanzania zilisimama mapema Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo mwaka mzima na zaidi, kana kwamba ugonjwa ulikuwa umepigwa marufuku kuingia daftarini. Ndani ya siku chache, tangu tarehe 20 Aprili hata tarehe 1 Mei 2020, Bunge lililoko hapa Dodoma lilipoteza wabunge watatu, Getrude Rwakatare, Richard Ndassa na Augustine Mahiga. Sababu za vifo hivyo hazikutangazwa kuwa ni korona, nami sisemi ilikuwa nini, lakini nasema kwamba penye ukimya wa wenye dhamana, uvumi hushika kiti, na mtu hujitibu kwa alilolisikia sokoni. Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki baada ya chama chake kutangaza kwamba anaugua korona. Na pale ndipo wengi walipojua kwamba lile ambalo Rais Magufuli alikuwa ametangaza kuwa limekwisha lilikuwa lingali nasi. Ilibidi Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, aunde kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 achanjwe mbele ya macho ya taifa, ili ukimya ule uvunjike.

Mwezi Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo vilivyozidi kawaida duniani kote, katika miaka ya 2020 na 2021, vilikuwa kama milioni 14.9. Nchi zilizohesabu zilichangia hesabu. Nchi zisizohesabu zilikadiriwa na wengine kwa kanuni za hisabati. Wafu wetu wamo katika makadirio hayo bila ya sisi kuwashuhudia. Kwa sababu hiyo hukumu yangu ni hii: kutowafungia watu majumbani kulikuwa haki, kufunga shule Machi 2020 kulikuwa na udhuru, na kuendelea hata mwisho wa Juni, ilhali masoko yamejaa, hakukuwa nao, na kosa kubwa kupita yote lilikuwa kunyamazisha hesabu, kwa maana kosa hilo ndilo linalotunyima leo uwezo wa kuyapima mengine.

Kwenu wanachuo na wakufunzi wa Chuo cha Serikali za Mitaa hapa Hombolo, mnaotoka kwenda kuwa watendaji na viongozi wa halmashauri nchini kote: andikeni katika mipango yenu ya maafa kwamba shule ndiyo iwe ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa, na kwamba hesabu ya wagonjwa na wafu itangazwe hata ikiwa chungu. Na kwenu walimu wakuu na kamati za shule: fungueni daftari la mahudhurio la Machi 2020, mlilinganishe na la Julai mwaka ule, muwatafute kwa majina waliokuwamo katika la kwanza na wasiokuwamo katika la pili. Wengine ni vijana na mama wadogo sasa, wangali katika vitongoji vilevile. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, na waraka wa kuwarejesha masomoni upo. Waendeeni majumbani mwao, mkawaambie.