Imani Hupimwa kwa Kitabu, Si kwa Mila

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa jumuiya zetu za misikiti. Tunaichapa ili iwafikie na wale ambao hawakuhudhuria.)



Mada tuliyopewa leo yahusu jirani zetu Wakristo. Swali lenyewe ni hili: je, imani ya Mkristo ijengwe juu ya Kitabu chake, au juu ya mila za watu waliomletea dini, au juu ya yale ayapendayo yeye mwenyewe?

Huenda baadhi yenu wakauliza: jambo hilo latuhusu nini sisi? Latuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, Kur'ani Tukufu katika Sura Al-Maida yawataka watu wa Injili wahukumu kwa yale aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu humo. Kwa hiyo tunapozungumza na Mkristo, yatupasa tumuulize Kitabu chake chasema nini, wala tusiipime dini yake kwa mlevi tuliyemwona njiani siku ya sikukuu. Sababu ya pili ni kwamba mizani tunayomwekea jirani ndiyo tutakayowekewa na sisi. Hiyo ya pili tutairudia kabla ya kumaliza.

Mila iliyovaa kanzu ya dini

Swali hili si geni. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Mafarisayo na waandishi walimlaumu Nabii Isa a.s. kwa sababu wanafunzi wake walikula bila kunawa mikono kama ilivyokuwa desturi ya wazee. Yeye aliwajibu kwamba wameiacha amri ya Mungu na kuyashika mapokeo ya wanadamu, akawapa mfano. Torati iliwaamuru kuwaheshimu baba na mama. Lakini desturi ilimruhusu mtu kutamka kwamba mali yake imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa tamko hilo wazazi wake wazee wakakosa msaada.

Angalieni vizuri mfano huo. Mtu yule hakuwa mwabudu sanamu wala hakuikana dini. Alitaja jina la Mungu, na kwa jina hilo hilo akaivunja amri ya Mungu. Mila iliyo mbaya waziwazi huonekana na watu huikataa. Mila inayotisha ni ile iliyovaa kanzu ya dini, kwani atakayeigusa huambiwa ameigusa dini yenyewe.

Mtawa mbele ya Kaisari

Karne 15 zikapita. Katika nchi za Ujerumani vilikuwa vikiuzwa vyeti vya rehema, na watu wa kawaida wakaamini kwamba kwa fedha waweza kupunguziwa adhabu ya dhambi, wao na hata marehemu wao. Mwaka 1517 mtawa na mwalimu wa chuo cha Wittenberg, Martin Luther, alitoa hoja 95 kupinga jambo hilo. Mwezi wa Aprili mwaka 1521 aliitwa mjini Worms, mbele ya Kaisari Charles wa Tano, atakiwe kuyakana maandishi yake. Alijibu kwamba hatayakana mpaka aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Kisha akaufanya uthibitisho wa neno lake: alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka mwaka 1522, ili mkulima na seremala nao wasome na kupima wenyewe.

Haki yatutaka tueleze na upande wa pili. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546, lilisema kwamba Maandiko na Mapokeo yaliyotoka kwa mitume hupokewa kwa heshima iliyo sawa. Mkatoliki aliyesoma atakwambia kwamba Mapokeo hayo si mila za watu, na kwamba bila ya Kanisa kila msomaji atakuwa na tafsiri yake. Hoja hiyo si nyepesi. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, wote wawili wakidai kufuata Maandiko peke yake, walikutana mjini Marburg na hawakuafikiana juu ya maana ya mkate na divai ya Chakula cha Bwana. Basi kukishika Kitabu mkononi ni mwanzo wa kazi tu. Bado pana kazi ya kukisoma kwa uaminifu.

Kitabu kilichokatwa

Kuna adui mwingine wa Kitabu zaidi ya mila, naye ni nafsi na maslahi yake. Mwaka 1807 mjini London ilichapwa Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Haikuwa Biblia kamili. Sehemu kubwa ya Agano la Kale iliondolewa, na miongoni mwa yaliyoondolewa ni habari ya Nabii Musa a.s. kuwatoa Wana wa Israili katika utumwa wa Misri. Yaliyohimiza utii wa mtumwa kwa bwana wake yaliachwa mahali pake.

Yafikirini hayo, ndugu zetu. Waliofanya vile hawakusema kwamba Biblia ni ya uongo. Walisema ni neno la Mungu, kisha wakachagua ni neno lipi la Mungu litakalosikiwa. Wengi wetu hatuna mkasi wala mtambo wa kuchapa, lakini tunajua kukata kwa njia nyingine: aya tunayoipenda tunaisoma kila Ijumaa, na aya inayotudai tunaipita upesi.

Wake wa mtu aliyebatizwa

Sasa tuje Afrika. Wamisionari walikuta wanaume wenye wake wawili au watatu wakitaka kubatizwa. Makanisa mengi yalimtaka mwanamume abaki na mke mmoja na kuwaacha wengine. Mwaka 1855 John William Colenso, askofu wa Natal huko Afrika Kusini, aliandika kupinga desturi hiyo. Alitetea kwamba Maandiko hayatoi amri ya kumlazimisha mwongofu kuwafukuza wake aliowaoa kwa halali ya kwao, na kwamba kufanya hivyo ni kuwadhulumu wanawake na watoto wao. Maaskofu wa Anglikana waliokutana Lambeth, London, mwaka 1888, waliamua kinyume chake: mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, bali afundishwe tu na kungojea.

Wanaotetea ndoa ya mke mmoja wana dalili zao. Hutaja neno la Injili ya Mathayo sura ya 19 juu ya wawili kuwa mwili mmoja, na waraka wa kwanza kwa Timotheo unaomtaka askofu awe mume wa mke mmoja. Waafrika nao walipoanza kusoma wenyewe waliwakuta Ibrahimu, Yakobo na Daudi na wake zao, wakauliza: hili tunaloamriwa ni la Biblia, au ni la Ulaya?

Mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya uamuzi ule, maaskofu wa Anglikana walikutana tena. Waliendelea kusema kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Hata hivyo walikubali mwanamume mwenye wake wengi aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa sharti kwamba hataoa tena maadamu wake hao wa hai, na kwamba jumuiya ya Kikristo ya mahali pale imeridhia. Wakasema pia asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke huyo. Biblia ya mwaka 1888 na ya mwaka 1988 ni ile ile. Lakini katika miaka 100 hiyo ni wanawake wangapi waliorudishwa kwa wazazi wao na watoto mkononi, kwa jambo ambalo baadaye halikuonekana tena kuwa la lazima? Hiyo ndiyo gharama ya kuchanganya mila na Kitabu, na mara nyingi hulipwa na mnyonge.

Neno moja la Kikikuyu

Msije mkadhani kwamba mila ya mgeni tu ndiyo huvaa kanzu ya dini. Mila ya mwenyeji nayo huivaa. Mwaka 1929 katika nchi ya Wakikuyu huko Kenya, baadhi ya misheni, zikiwemo ya Kanisa la Scotland na Africa Inland Mission, ziliwataka waumini wao waahidi kuacha tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakatoka, na baadaye wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe. Agano Jipya kwa Kikikuyu lilikuwa limekwisha toka mwaka 1926, na watu wakalifungua kutafuta: ni wapi tohara hii imekatazwa?

Humo walikuta kwamba Bibi Mariamu ameitwa *mũirĩtu*. Mfasiri alikuwa akitafuta neno la kumwita mwanamwali. Lakini katika desturi ya wakati ule *mũirĩtu* ni msichana aliyekwisha pita jandoni kwa wasichana, yaani aliyekwisha tahiriwa. Basi wako waliosema: hata mama yake Yesu alitahiriwa! Kumbe Injili haikusema hivyo. Ni neno la mfasiri lililobeba mila ndani yake, na mila ikasomwa kama wahyi.

Na hata kama Kitabu kimenyamaza, kunyamaza kwake si ruhusa ya kumdhuru mtu. Desturi hiyo imewaumiza na kuwaua wasichana wengi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku kabisa. Wala sisi Waislamu tusiwacheke. Wapo miongoni mwetu wanaoitetea desturi hiyo hiyo kwa jina la Kur'ani, hali Kur'ani haikuitaja mahali popote.

Maswali matatu

Kutokana na habari hizi twaweza kutoa maswali matatu ya kuipimia desturi yoyote iitwayo ya dini. La kwanza: limeandikwa wapi? La pili: tumesoma maneno yote, au kipande kinachotupendeza? La tatu, nalo ni gumu kuliko yote: je, tungelishika neno hili hata kama lingetutoa mali mfukoni?

Mwulizeni jirani Mkristo maswali hayo kwa adabu, naye atawajibu, kwani wapo Wakristo wengi wanaojiuliza wenyewe usiku na mchana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, watu wa Beroya wamesifiwa kwa kuchunguza Maandiko kila siku ili waone kama waliyoambiwa ni kweli. Mkristo anayefanya hivyo anafanya jambo jema, nasi tusimfanyie dhihaka.

Na sisi je?

Lakini atakayeuliza hana budi kuulizwa. Sura Al-Baqara yawalaumu wale ambao, wakiambiwa wafuate aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, husema watafuata waliyowakuta nayo baba zao. Sura hiyo hiyo yawalaumu wanaowaamuru watu mema na kujisahau wenyewe ilhali wanasoma Kitabu.

Sura An-Nisaa imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, yawe machache au mengi, nalo ni fungu lililofaradhishwa. Hapana mashaka katika tafsiri yake. Basi tujiulize hapa tulipoketi: baba anapofariki na kuacha shamba na nyumba, dada zetu hupewa fungu hilo? Katika familia ngapi kaka hugawana wenyewe, kisha wakasema, "Yeye ameolewa, atakula kwa mumewe"? Ni dada wangapi wamewekwa mbele ya wazee siku ya arobaini wakaambiwa "samehe", nao wakasamehe kwa haya, wala si kwa ridhaa? Na siku hiyo hiyo Kur'ani yote imesomwa kwa sauti nzuri katika nyumba ile ile!

Hatuna haki ya kumwonyesha Mkristo mila zilizo katika dini yake huku tukizilinda zetu kwa sababu zinatupa ekari mbili zaidi. Tofauti iko wapi baina yetu na yule aliyetamka kwamba mali yake ni wakfu ili asimsaidie mama yake?

Kwa hiyo tunaomba jambo moja mahsusi. Mwenye mirathi ambayo haijagawanywa, aende wiki hii kwa kadhi, au kwa shekhe anayeijua elimu ya mirathi, ikagawanywe kama ilivyoandikwa. Na aliyekwisha kula fungu la dada yake, alirudishe angali hai, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na wazee wa kumwombea msamaha. Hapo ndipo tutakapokuwa na ulimi wa kuzungumza na jirani juu ya Kitabu chake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kukipenda Kitabu Chake zaidi ya tunavyopenda desturi zetu na nafsi zetu, na atupe uadilifu kwa tunaoafikiana nao na tusioafikiana nao. Amin.