Fungua Valizi Yako



Mtoto wako alivuka Kasumbalesa, sasa anaishi Kitwe. Kule magari yanapita kushoto, makuta ni kwacha, sokoni wanasema Kibemba. Kila akipiga simu anauliza: «Baba, nitarudi lini?» Valizi haijafunguliwa.

Someni Yeremia 28 na 29. Hanania alitabiri kwamba waliohamishwa Babeli watarudi kabla ya miaka 2. Unabii mtamu, lakini wa uongo. Yeremia aliwaandikia: miaka 70. Wajenge, wapande, wauombee mji ule.

Basi usimtabirie mtoto tarehe. Umwambie atafute karatasi za kukaa, ajifunze lugha, asalimie jirani. Na mgeni wa hapa Kolwezi, umpokee vile ungependa mtoto wako apokewe kule. Amina.