Mazungumzo Baada ya Habari: Majengo Marefu na Wajibu wa Walinzi wa Mji

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlio kambini, vituoni na katika doria.

Tarehe 1 Julai 2020 Mbale iliacha kuwa manispaa ikawa jiji, pamoja na Jinja, Gulu, Arua, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Hadhi hiyo mpya huja na matumaini mapya, na moja kati ya hayo ni kuona majengo marefu yakiinuka chini ya mlima wa Wanale. Hatuyapingi matumaini hayo. Ardhi haiongezeki, na watu wanaongezeka. Lakini jengo refu ni jambo la kufikiriwa kwa makini, na leo twataka kueleza kwa nini lawahusu ninyi mnaovaa sare kabla ya kuwahusu wengine wengi.

Kwanza tuelewe jengo lenyewe ni kitu gani. Jengo refu la siku hizi aghalabu si la kazi moja. Chini huwa na maduka na benki, juu yake ofisi, juu zaidi hoteli au nyumba za kuishi, na chini ya ardhi maegesho ya magari. Wazo hili si geni Mbale. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, waliokuwa wakifanya biashara katika mitaa ya kati ya mji huu kabla ya kufukuzwa nchini mwaka 1972, walijenga nyumba zenye duka chini na makao juu, na mbele baraza la kumkinga mpita njia na mvua na jua. Mwenye duka alilala juu ya mali yake, kwa hiyo mtaa haukukosa macho usiku. Hilo nalo ni somo la ulinzi. Mtaa wa ofisi tupu hufa jua linapotua; mtaa wenye wakazi huwa na mashahidi saa zote.

Kilichobadilika ni ukubwa. Huko Chicago, Marekani, mwaka 1965 lilianza kujengwa jengo la John Hancock lenye ghorofa 100. Mhandisi wake, Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, alilifunga kwa nje kwa vyuma vikubwa vilivyokatana kama herufi X, ili liweze kuhimili nguvu za upepo. Jengo hilo ni pana chini na jembamba juu, wala si kwa urembo tu. Maduka na ofisi huhitaji sakafu pana, bali chumba cha kulala hakifai kikiwa mbali na dirisha. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Jengo la Mikutano la Kenyatta la Nairobi, lililochorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso wa Kenya, lilifunguliwa mwaka 1973. Ndani ya ghorofa zake 28 na kando yake mliwekwa ofisi, kumbi za mikutano na mgahawa unaozunguka huko juu.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema nyumba njema si mlango. Uzuri wa jengo waonekana kwa nje, lakini usalama wake umefichwa. Umefichwa kwanza ardhini. Mwezi Oktoba 2008 udongo uliporomoka ndani ya shimo la msingi wa jengo kubwa katika barabara ya Lumumba, Kampala, ukaua wafanyakazi kadhaa kabla hata ghorofa ya kwanza haijasimama. Hapa Mbale, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mwenye kutaka kuchimba maegesho chini ya ardhi karibu na mito hiyo na asijali mafuriko, anachimba kisima cha kuwazamisha wateja wake.

Pili ni moto. Katika nchi yetu kikosi cha zimamoto ni sehemu ya Jeshi la Polisi, kwa hiyo jambo hili ni lenu moja kwa moja. Ngazi ya gari la zimamoto ina kikomo chake. Aliye juu ya kikomo hicho hataokolewa kwa ngazi hiyo. Ataokolewa na ngazi za ndani ya jengo, nazo ziwe zaidi ya moja, zimezungushiwa kuta zisizopitisha moshi, na milango yake isifungwe kwa kufuli. Lifti haipandwi wakati wa moto. Maji nayo lazima yawe yamekwisha fika juu, katika matangi na mabomba, kabla moto haujawaka. Tena, jengo la matumizi mengi lina hatari yake ya pekee. Karani wa ofisini yu macho na anaijua njia; mgeni wa hoteli amelala na hajui ngazi iko wapi. Jiko la mgahawa likishika moto chini, moshi humfuata aliyelala juu.

Tatu ni adui. Tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi, bomu liliwaua watu 213. Watu wengi walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza, na mlipuko mkubwa ulipofuata vioo viliwapofusha. Jengo la Ufundi la jirani liliporomoka, na watu wakafukiwa chini ya zege. Mwaka 2013, katika jengo la maduka la Westgate la mji huohuo, watu 67 waliuawa, na vikosi vya jeshi na polisi vikapata taabu kubwa kwa kukosa amri moja.

Askari wetu hawana haja ya kusimuliwa uzito wa kazi ya kufukua. Mwezi Machi 2010, udongo wa mlima ulipokifunika kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, wanajeshi walichimba pamoja na wanakijiji, kwa majembe na kwa mikono. Udongo wachimbika kwa jembe. Zege lenye nondo halichimbiki hivyo.

Basi kazi ianze sasa, wakati jiji lingali na majengo machache marefu. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 yataka kibali kabla ya kujenga, na kibali kingine kabla ya watu kuingia. Ofisa wa polisi anayekagua asikubali kuonyeshwa mlango wa mbele tu. Apande ngazi za dharura kwa miguu yake mwenyewe, hadi juu. Ramani ya kila jengo refu iwekwe katika kituo cha zimamoto na ijulikane kambini. Mazoezi ya kuwatoa watu yafanywe mara kwa mara, jeshi na polisi pamoja, chini ya amri moja iliyokubaliwa mapema. Na anayefumba macho mbele ya nondo nyembamba au mlango uliofungwa, kwa kuwa amepewa kitu mkononi, ajue ya kwamba siku ya msiba ni wenzake wa kikosi watakaotumwa kuingia humo.

Mji hujengwa na wahandisi, lakini hulindwa na wanaoujua.