Dawa ya Kuvuta kwa Wagonjwa wa Kifua: Mtoto, Kijana na Mzee

(Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Pongwe)



Mikutano ya ushirika kwa desturi huzungumzia mavuno, bei na mikopo. Leo naomba tuzungumzie pumzi, kwa sababu mwanachama asiye na pumzi hakati mkonge wala halipi mkopo.

Sisi wa Pongwe twaishi na vumbi. Mawe ya chokaa huchimbwa na kuchomwa hapa. Kiwanda cha saruji kipo tangu mwaka 1980. Na mashamba ya mkonge yana korona na vyumba vya brashi. Wafanyakazi wa mkonge nchini walichunguzwa na wataalamu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha dalili za kifua miongoni mwa watu wa korona na brashi. Huko nyumbani nako, mama na watoto huvuta moshi wa kuni.

Yako magonjwa mawili sugu ambayo hatuna budi kuyatofautisha. La kwanza ni pumu: njia za hewa huvimba ndani na kubana, kisha hufunguka tena. Mara nyingi huanza utotoni. La pili ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unaowapata hasa watu wazima waliovuta sigara, moshi au vumbi kwa miaka mingi. Huu hutulizwa, lakini pafu lililokwisha kuharibika halirudii hali yake. Na yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kwanza kifua kikuu.

Wengi twaifahamu inhela ya buluu yenye salbutamoli. Hulegeza misuli ya njia za hewa kwa dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Lakini haigusi uvimbe. Anayeitegemea hiyo peke yake huona nafuu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini, mpaka siku shambulio linapoishinda dawa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, iitwayo GINA, iliacha kupendekeza vijana na watu wazima watibiwe kwa dawa hiyo pekee.

Badala yake ipo inhela yenye dawa mbili pamoja. Budesonidi, ambayo ni steroidi, hutuliza uvimbe. Formoteroli hufungua njia upesi na hudumu kama saa 12. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017.

Hata hivyo, kila umri una kipimo chake. Mtoto wa chini ya miaka sita kwa kawaida hapewi mchanganyiko huu. Akihitaji kinga ya kila siku, hupewa steroidi kidogo ya kuvuta. Wa miaka 6 hadi 11 huweza kupewa mchanganyiko kwa kipimo kidogo, kwa amri ya daktari. Kuanzia miaka 12, inhela hiyo moja yaweza kuwa kinga na pia nafuu wakati wa kubanwa. Lakini hili lahusu mchanganyiko wenye formoteroli tu. Ule wenye salmeteroli huchelewa kufanya kazi, wala haufai kuokoa mtu aliyebanwa.

Kwa mzee mwenye ugonjwa sugu wa kuziba, msingi ni dawa za kufungua njia za hewa. Steroidi huongezwa kwa wale wanaoshambuliwa mara kwa mara, kwani kwao yaweza kuzidisha hatari ya nimonia. Basi babu na mjukuu wasigawane inhela moja.

Dawa njema ikitumiwa vibaya huishia kooni. Kwa inhela ya kubonyeza: itikise, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi hadi hesabu ya kumi. Ile ya unga huvutwa kwa nguvu. Baada ya steroidi, sukutua na uteme maji. Mtoto atumie inhela ya kubonyeza pamoja na chombo cha kupokea dawa. Wataalamu wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini na kuzibwa vizuri kandokando ya inhela, yaweza kufanya kazi hiyo. Na mtu asiache dawa ya kinga kwa sababu tu amepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa.

Ndugu Makatibu, naomba mambo matatu. Kwanza, mfanyakazi wa brashi anayekohoa asifichwe wala asitishwe kazi yake. Ahamishiwe penye hewa, kisha apelekwe zahanati. Pili, vyama vifikirie mfuko mdogo wa dharura, kwa maana inhela ya kinga hununuliwa tena na tena, na familia nyingi huiacha fedha zinapopungua. Tatu, kila mwanachama ajue dalili za hatari: kushindwa kumaliza sentensi, midomo kuwa ya buluu, au dawa ya nafuu kutosaidia. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, huku akiendelea kupewa dawa yake njiani. Asingoje asubuhi.