Nguzo Tisa Badala ya Fito Mia

Tangu miaka ya 1980 wakulima wa Rwanda wamekuwa wakihimizwa kupanda maharage yanayotambaa badala ya yale mafupi, kwa kuwa kwenye shamba dogo mmea unaokwenda juu huweza kutoa mavuno mara mbili, hata mara tatu, ya ule unaobaki chini. Ushauri huo ulikuwa sahihi na wengi waliufuata. Shida ikawa fito. Kipimo kilichopendekezwa kilikaribia fito 50,000 kwa hekta moja, katika nchi ambayo vilima vingi vimelimwa hadi kileleni. Zitoke wapi? Swali hilohilo linamhusu mkulima wa Kagera, wa Kigoma na wa Usambara.

Nashikilia kwamba bustani ya nyumbani haihitaji ufito kwa kila mche. Chukua eneo la mita nne kwa mita tano. Kwa kipimo kile, litakula fito 100. Sasa ligawe katika mistari mitatu, kila mstari uwe na nguzo tatu za mita mbili na nusu, nusu mita ikiwa imezikwa ardhini. Pitisha kamba nene juu, nyingine karibu na udongo, kisha teremsha uzi wa katani mbele ya kila mche. Nguzo tisa zimeshafanya kazi ya fito mia. Zile za mwisho wa mstari ndizo za kuangaliwa zaidi, kwani majani yaliyolowa mvua ni mazito na upepo huyajaza kama tanga. Kila moja ivutwe nje kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi.

Kichanja kifuate tabia ya mmea. Haragwe hupanda kwa kujiviringisha, shina lenyewe likizunguka kitu chembamba kilichosimama wima, ndiyo maana uzi mmoja unalitosha. Tango na pasheni hujishika kwa vikono, kwa hiyo hutaka pia kamba za kukatiza. Nyanya haipandi yenyewe. Lazima ifungwe, tena kwa fundo legevu lisilokaba shina. Yote haya yakiinuliwa hunufaika kwa namna moja: majani hukauka upesi baada ya mvua, ukungu hupungua, na tunda halilali topeni likaoza.

Wapo watakaosema kamba hununuliwa ilhali fito ni za bure. Bure kwa nani? Kuna mtu anayetembea kuzitafuta, mara nyingi mama au mtoto, na kichaka kinachokatwa kila msimu hakipati nafasi ya kuchipua. Hata hivyo, kwa asiye na fedha mkononi hoja hiyo ni nzito, wala sitaki kuipuuza. Kwake, nguzo zitoke kwenye matawi ya mgrivea yanayopunguzwa mpakani, na kamba za mgomba zimsaidie kufungia, ingawa hazifai kubeba mzigo wa msimu mzima. Wengine huuliza kwa nini mahindi yasiwe nguzo. Kilimo hicho ni cha zamani na kina busara yake kwa maharage mepesi, lakini aina zenye nguvu hulivuta bua hadi likalala, na mazao yote mawili huharibika. Nailoni nayo hudumu kuliko katani, sikatai. Ila mavuno yakiisha, katani hukatwa pamoja na mabua na kuingia kwenye mboji, wakati nailoni hubaki ardhini ikinasa jembe.

Tanzania inalima katani tangu 1893, na Tanga bado inaizalisha. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaogawa mbegu za maharage yanayotambaa, iwe ni serikali au miradi: mbegu zisiende peke yake. Kila mkulima anayekabidhiwa mbegu akabidhiwe na kamba ya katani ya kutosha bustani yake, na bwana shamba amwonyeshe namna ya kusimika nguzo kabla ya kupanda, maana mashimo yanayochimbwa baadaye hukata mizizi.