Daftari la Wagonjwa wa Figo Lisiishie Kwenye Mashine



Kila mwalimu aliyemo humu anajua kwamba daftari la mahudhurio halikuwekwa ili kuwasifu waliofika. Kazi yake kubwa ni kuonyesha nani hakufika, tangu lini, na kwa sababu gani. Naomba tuwatazame wagonjwa wa figo wa mkoa wetu kwa macho hayo hayo.

Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Ni hatua za kujivunia. Lakini anayehesabu waliopandikizwa na wanaosafishwa damu amehesabu waliofika tu. Usafishaji wa damu hufanywa kwa kawaida mara tatu kwa juma, yapata saa nne kila mara, mwaka hata mwaka. Mvuvi wa Kalya, ambaye njia yake ni ziwa, atafikaje? Akivimba miguu, akaishiwa nguvu, akafa, nyumbani husemwa ni presha, ama amerogwa. (Tusilicheke hilo, pasipo na kipimo watu hujieleza kwa wanachokijua.) Katika hesabu za Taifa, mtu huyo hakuwahi kuugua figo.

Nchi za Ulaya zina daftari la pamoja tangu mwaka 1964. Huhesabu walioanza tiba, na kwao leo yatosha, kwa kuwa wengi wanaoihitaji huifikia. Tukilinakili lilivyo, upungufu wa mashine utaonekana kama upungufu wa wagonjwa, na atakayepanga bajeti atasema Kigoma haina shida.

Letu lianzie zahanati. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe mkojo, jibu liandikwe, na namba moja imfuate Maweni, Bugando hata Muhimbili, asije akahesabiwa watu watatu. Kwa kuwa hapa figo hutolewa na ndugu aliye hai, iandikwe pia kama yupo ndugu aliye tayari kupimwa. Muuguzi aliye peke yake tayari ana madaftari tele; asiongezewe kitabu kipya, bali safu chache katika kile alicho nacho, na siri ya mgonjwa ilindwe.

Safu ya mwisho iwe ya sababu ya kuacha tiba au kutoianza. Hiyo ndiyo itakayopingwa, maana itataja nauli na gharama, mambo yenye wenyewe maofisini. Iandikwe hivyo hivyo.